Pikapu ya Tatu

Clementi aliingia dukani kwangu Nyasho na gitaa lake ndani ya gunia la pamba, na kabla hajalitua nikamwambia wanaozika ni mtaa wa pili, hapa amepotea. Akanijibu kwamba amekuja kupima urefu wangu, ili wasije wakachimba kaburi kubwa bure. Ndivyo tunavyosalimiana. Mimi ni fundi wa magitaa, Mzaramo niliyezaliwa hapa Musoma. Babu yangu alikuja huku na cherehani yake akasahau kurudi pwani. Clementi ni Msukuma wa Mugeta, upande wa Bunda, analima pamba na kupiga gitaa. Wazaramo na Wasukuma ni watani, na mtani anasema lolote, wakati wowote, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kasoro. Siku aliyofariki baba yangu, Clementi alikuja amevaa kanzu ya marehemu juu ya koti lake, akalala mlangoni, akasema maiti haitoki mpaka apewe jogoo. Watu waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Akapewa jogoo, akamfunga kwenye baiskeli, kisha akashika jeneza mbele ya ndugu zangu wa damu na kulia kuliko sisi sote.

Nikisema pikapu watu huniuliza ni Toyota ya mwaka gani. Ninayoisema mimi ni ya gitaa. Ni sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, zinakaa chini ya nyuzi. Uzi ukitikisika, pikapu inaunasa mtikisiko huo na kuupeleka kwenye amplifaya. Gitaa la umeme bila pikapu ni ubao wa kukatia vitunguu.

Zipo za aina nyingi, na kila mpiga gitaa anazipigania kama watu wanavyopigania timu za mpira. Ipo singo koili, yaani koili moja nyembamba ya ule waya uliozungushwa: sauti yake ni kali na safi, inapenya, lakini ukiikaribisha kwenye taa ya tyubu inavuma mpaka ukereke. Ipo hambaka, koili mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu ili moja iuue mvumo wa mwenzake: sauti nene, tulivu, ya kiungwana. Halafu ipo moja ya katikati, koili moja lakini pana, ambayo mafundi tunaiita nene. Haina ukali wote wa ile ya kwanza wala upole wote wa ile ya pili. Mimi ndiyo naipenda, ila sijawahi kuulizwa.

Gitaa la Clementi lilikuwa na hambaka tangu tukiwa vijana. Wote waliowahi kuoa au kuolewa kati ya Bunda na Butiama wanaijua sauti ile. Mwaka jana akaanza kulalamika kwamba imefifia. Nikaipima, nzima kabisa. Nikamwambia, akasema vipimo vyangu ni vya Kizaramo. Basi nikaitoa hambaka nikamfungia singo koili, sauti ikawa kali kama wembe, na yeye akaondoka anapiga mluzi. Sasa amerudi, ameketi kwenye stuli yangu, gunia liko magotini.

"Pazi, hii kitu bado," alisema. "Naipigaga mpaka vidole vinauma, lakini iko kama imefunikwa blanketi. Niwekee kali zaidi."

"Kali kuliko hii ni msumeno."

"Ee?"

"Nimesema kali kuliko hii ni msumeno!"

"Basi weka huo msumeno. Sendofu ya Wankyo imekaribia, bhana. Nataka akiingia, kila mtu asikie."

Wankyo ni binti yake, wa pekee. Anafanya kazi ofisi za halmashauri Butiama na anaishi huko huko kwa bibi yake aliyempa jina. Alipokuwa anajifunza kusimama, Clementi alimtungia wimbo usio na maneno, gitaa tupu, na mtoto akawa anautembelea: baba akipiga anapiga hatua, baba akinyamaza anakaa chini. Wimbo huo ndio aliotaka kuupiga siku ya kumuaga. Hakuwa na jambo lingine kichwani mwaka ule. Hata bei ya pamba aliacha kuisema, na mkulima wa Bunda akiacha kuisema bei ya pamba, mjue kuna jambo.

Aliliacha gitaa akaenda sokoni kumtafutia mkewe dagaa. Nilikuwa sijamaliza kulitoa kwenye gunia simu ikaita. Alikuwa Esther, mkewe.

"Shemeji Pazi, yuko hapo?"

"Ametoka."

"Afadhali. Shemeji, usimuwekee kali zaidi. Nakuomba kwa Mungu."

Akanieleza. Kwenye harusi ya mwisho pale Bunda, Clementi alifungulia treble, ile sauti kali, yote mpaka mwisho. Watoto waliziba masikio. Bibi harusi alihamishwa kiti. Samwel, kiongozi wa bendi, aliizunguka amplifaya kwa nyuma kama mwizi akapunguza sauti, Clementi akageuka akaiongeza. Hakuna aliyemwambia kitu. Samwel amefundishwa gitaa na Clementi, atamwambiaje mwalimu wake kwamba ameharibu? Upande wa mchumba ndio kabisa, wale ni wakwe, na mkwe wa huku hata kumtazama usoni wanaona taabu.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

"Nilimwambia, baba Wankyo, masikio yako twende hospitali. Akaniambia mimi ndiye siku hizi naongea kama nimebugia ugali. Alininunia, shemeji. Na Wankyo naye, baba yake anamnunia."

"Wankyo kafanya nini?"

"Hajafanya kitu! Anamtumiaga sauti kwenye simu. Baba yake anaweka simu sikioni, halafu anaitupa kitandani. Anasema mtoto akishapata ofisi anamnong'oneza baba yake, kumuongelesha vizuri anaona atachafuka. Sasa simu zake hapokei. Mtoto analia huko Butiama, anadhani baba amekataa mchumba. Juzi kaniambia, mama, kama hanitaki asije kunipigia gitaa la kunitesa mbele ya wakwe. Weka muziki wa simu."

Nikalilaza gitaa mezani.

"Mwambie wewe," Esther akasema. "Wewe ni mtani wake. Wewe peke yako unaruhusiwa."

Ni kweli niliruhusiwa. Katika wilaya nzima mtu mmoja tu alikuwa na kibali cha kumwambia Clementi kwamba masikio yake yanakufa, na mtu huyo ni mimi. Nikakata simu nikaona kazi ni nyepesi.

Alirudi na dagaa kwenye mfuko mweusi. Sikuzungusha.

"Clementi, gitaa halina kosa. Wewe ni kiziwi."

Alicheka mpaka akashika meza. "Na wewe ni maiti. Nilikuja kukuzika nikakuta bado unavuta pumzi, hasara tupu."

"Sikiliza. Umekuwa kiziwi, bhana."

"Msukuma hawagi kiziwi. Anachagua tu nini cha kusikia. Maneno ya Mzaramo hayamo."

"Umelima pamba mpaka umejitia pamba masikioni."

Hilo ndilo lililomaliza kila kitu. Lilikuwa zuri mno. Kinyozi wa jirani alilisikia akaja mlangoni kucheka, mama wa maandazi akacheka, na Clementi mwenyewe akafuta machozi kwa mkono wa shati akaniambia hilo atakwenda kulisimulia Mugeta. Nilimtazama jinsi alivyofurahi nikahisi hasira inanipanda. Kwa maisha yetu yote nimemwita kiziwi, kipofu, mwizi wa ng'ombe, mfu. Nimemtangazia kifo chake kila Jumamosi. Sasa nilikuwa na neno moja la kweli, na nilipolitoa likaonekana kama yale mengine yote.

Nilijaribu tena kwa uso mkavu. Akasema uso wangu leo umekaa kama wa mbuzi aliyeona kisu. Watu wakacheka upya. Nikaacha.

Nilichofanya ni kumwambia aje wiki inayofuata achague pikapu mwenyewe. Nilikuwa na hesabu zangu. Nilidhani akiwekewa tatu mbele yake, moja kali, moja nene na moja tulivu, na asione tofauti, atajua bila kuambiwa. Mtu anayejigundulia mwenyewe haaibishwi na mtu. Kuchomoa na kuchomelea pikapu moja baada ya nyingine kwenye gitaa lile lile ni kazi ya kutwa, kwa hiyo niliazima. Lake mwenyewe lilikuwa na singo koili. La kwaya moja hapa Nyasho lilikuwa na hambaka. La tatu lilikuwa langu, bovu la rangi lakini zima la ndani, nikalifungia ile nene.

Alikuja asubuhi, amevaa shati la kanisani. Amevaa shati la kanisani kuja kuchagua pikapu. Niliona hivyo nikatamani nifunge duka.

Nikamuweka kwenye stuli mbele ya amplifaya. Feni ya juu ilikuwa inazunguka, kinyozi wa jirani alikuwa ameshafungulia ule muziki wake unaonitesa kila siku. Nikamchomekea gitaa lake. Akapiga wimbo wa Wankyo, ile sehemu ya mwanzo inayopanda polepole. Sauti ilitoka kali kiasi kwamba mama wa maandazi aligeuka.

"Unaona?" Clementi akasema. "Blanketi."

Nikampa la pili, la hambaka. Nilipoisikia ile sauti tamu ya zamani moyo uliniuma. Aliipiga kidogo tu akakunja uso.

"Hii ndiyo godoro kabisa. Hii wapelekee Wazaramo walalie."

Nikampa la tatu, nikachomeka waya, na palepale umeme ukakatika. Feni ikaanza kupunguza mwendo. Kinyozi akanyamaza katikati ya wimbo. Nikainua mkono kumwambia asubiri, lakini alikuwa ameshafumba macho na kuinamisha kichwa, taya limegusa ubao wa gitaa, namna aliyoanza kupigia siku hizi na ambayo mimi nilidhani ni uzee wa shingo.

Akaanza kupiga.

Gitaa la umeme lisilo na umeme lina sauti ndogo mno. Ni kama mtu anakwangua sufuria chumba cha pili. Ningeweza kumgusa bega. Nilitaka kumgusa bega, lakini uso wake ulinizuia. Ule mkunjo wa mwaka mzima ulikuwa umeondoka. Alikuwa anatabasamu, macho yamefumbwa, anapiga wimbo wote, si mwanzo tu, anapanda nao na kushuka nao, na kwenye ile sehemu ambayo mtoto alikuwa anaanguka na kuinuka akatingisha kichwa kana kwamba anamwona. Mimi nilikuwa nasikia kucha juu ya chuma. Yeye alikuwa anasikia wimbo, kwa mfupa wa taya.

Alipomaliza alikuwa na machozi.

"Hii!" akasema. "Hii, Pazi! Nimekwambiaga toka mwaka jana tatizo ni pikapu. Nimesikia kila uzi. Blanketi hakuna. Hii nifungie hata leo."

Akawa ananitazama, bado anacheka, anangoja nimtukane. Zamu ilikuwa yangu. Ukimaliza kupiga vizuri mtani wako lazima akwambie umepiga kama mtu anayeparua kuku.

"Mbona hunitukani?"

Nikatazama pembeni. Hapo ndipo macho yake yalipoanza kutembea. Yalikwenda kwenye feni, imesimama. Yakarudi kwenye amplifaya, pale kwenye kijitaa chekundu ambacho sasa kilikuwa kimezimika. Akanyoosha mkono akaweka kiganja kwenye spika, akakiacha hapo, akapiga uzi mmoja kwa mkono mwingine. Akapiga tena.

"Umeme umekatika saa ngapi?"

"Kabla hujaanza."

"Kabla sijaanza kumalizia?"

"Kabla hujaanza kabisa."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kisha akakaa ananisubiri, mdomo wazi kidogo.

"Haya, sema basi," akaniambia. "Sema Msukuma anapigia kuta. Sema kitu."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo maneno, Mungu anisamehe, yalikuja yenyewe kama yanavyokujaga, matatu manne ya kuchekesha sana. Hakuna lililotoka.

"Pazi, nitukane bhana."

"Siwezi."

"Nitukane!" Sasa alikuwa amesimama, gitaa linaning'inia shingoni, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko anavyojua. "Unaniitaga kiziwi kila siku, leo umekuwa padri? Niite kiziwi!"

Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwita Clementi pamoja na jina la baba yake, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikamwambia ndugu yangu. Nafikiri kusikia nalitamka neno ndugu kulimuumiza kuliko umeme. Akaketi tena kwenye stuli na kulitazama lile gitaa langu bovu la rangi, na akalia waziwazi, kama alivyomlilia baba yangu.

Alipojifuta uso akauliza, akiwa hanitazami, "Kwa hiyo Wankyo hanong'oni."

Nilimsogelea karibu na sikio. "Hanong'oni."

Umeme uliporudi, muziki wa kinyozi ukalipuka, mimi nikaruka, yeye hakutikisika. Nilimwambia nitamfungia hiyo ya tatu aliyoichagua. Akakataa kwa kidole.

"Chagua wewe. Wewe ndiye una masikio."

Nikairudisha hambaka. Kitasa cha treble nikakigandisha kwa gundi pale panapofaa, ili mkono wake usikimbilie huko kwa mazoea. Alinitazama nikifanya vile, na ningelipa chochote anitukane.

Esther alimpeleka hospitali. Daktari akasema mishipa ya masikio imechoka kwa kusimama mbele ya spika miaka yote ile, na kwamba zinazotangulia kuondoka ni sauti nyembamba: ndege, kengele za baiskeli, sauti za watoto na wanawake. Aliandikiwa vifaa vya kusikilizia ambavyo vingesaidia kidogo, vikaagizwa, na havikuwahi sendofu. Clementi akamkataza mkewe kumwambia Wankyo. Alisema siku ya mtoto isigeuzwe kuwa siku ya masikio ya baba. Kwenda Butiama kumwona, akaona aibu. Atamwambia nini, kwamba ameikasirikia miezi yote ile sauti ambayo haikumfikia? Kwa Wankyo Esther alisema tu kwamba gitaa limetengenezwa, fundi Pazi ameapa, na baba atapiga.

Esther aliitunza siri hiyo mpaka asubuhi ya sendofu yenyewe. Alikuwa anamfunga binti yake kilemba, akashindwa, akamweleza yote. Wankyo alinipigia simu palepale. Mwanzoni sikusikia ila kilio.

"Baba Pazi, kwa nini hamkuniambia? Mimi nilikuwa namlaani. Mbele ya bibi nilisema sina baba."

Nikamwambia avae apendeze, baba yake anamngoja.

Sendofu ilifanyika Bunda mchana, kwenye uwanja wenye maturubai ya bluu na nyeupe. Wakwe walikuwa wameshakaa. Samwel na bendi yake walinyamaza, na Clementi akasogezwa mbele na kiti chake. Nilisimama pembeni ya amplifaya kama mlinzi, kazi yangu ilikuwa moja: nimuinulie kidole sauti ikitoka sawa. Nilimuinulia. Akainama juu ya gitaa, taya kwenye ubao, akaanza.

Nimesikia gitaa maisha yangu yote na sitajifanya sikulia. Hambaka ile ilitoa sauti nene, ya taratibu, ikajaa chini ya turubai mpaka waliokuwa wanagawa soda wakasimama. Wankyo aliingia mlangoni na wapambe wake. Aliposikia wimbo akasimama, halafu akaanza kutembea, na watu wa Mugeta wanaoujua wimbo wakaanza kupiga vigelegele. Clementi hakuwatazama. Alitazama miguu ya binti yake, akipiga hatua na yeye anapiga, na alijua vidole vyake vilipo ingawa sidhani alijua sauti ilivyokuwa nzuri. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Sisi sote mle tulipewa kitu ambacho mwenyewe hakukipata.

Mshereheshaji alimuonyesha Wankyo meza ya mbele. Hakwenda. Alivuka uwanja na gauni lake, akaja mpaka kwenye kiti cha baba yake, akapiga magoti. Akasema naye. Alikuwa analia, na sauti ilikuwa inamkatika, ndogo, mimi mwenyewe niliinama ili niipate. Clementi alimtazama mdomo. Alitazama kwa bidii, kama mtu anayesoma maandishi gizani, na nikaona hajaambulia kitu.

Akanigeukia.

"Kasema nini?"

Nikamwinamia sikioni, nikapaza sauti, sikujali wakwe. "Anasema hakuwahi kukununia. Anasema alikuwa anakuongelesha kila siku. Anaomba umsamehe, alidhani humtaki."

Clementi akanitazama usoni. Najua alichokuwa anatafuta. Alikuwa anatafuta kicheko, ule mkunjo wa pembeni ya mdomo ambao miaka yote umemwambia hapa Pazi anadanganya.

"Leo usinitanie, Pazi."

"Sikutanii."

"Hayo kayasema yeye? Au unanitungia?"

"Kayasema yeye."

"Apa."

"Wallahi, Clementi."

Aliendelea kunitazama. Hakuweza kuamua. Mimi ndiye masikio aliyobaki nayo, na masikio hayo yamemdanganya tangu ujanani ili acheke. Wankyo alielewa. Akamshika baba yake mashavu kwa mikono iliyochorwa hina, akamgeuza uso kutoka kwangu, akasema tena maneno yaleyale polepole, moja moja. Clementi hakuuondoa uso wake mle mikononi. Aliniuliza mimi bila kugeuka.

"Na sasa anasema nini?"

"Yaleyale," nikamwambia.

"Mwambie arudie."